Usilipie lebo hiyo kabla hujajua ritifaa inakaa wapi

Dada wa Bagamoyo, simamisha kwanza malipo ya mchapaji. Umeuliza kama "Lady's Soap's and Oil's" imekaa sawa kwenye lebo ya kikundi chenu. Haijakaa sawa, na lebo ya namna hiyo ndiyo iliyotutia hasara sisi wa huku Tanga.

Kikundi chetu hutengeneza sabuni za mwani na mafuta ya nazi. Tulipopata mnunuzi wa hoteli, tulikwenda kwenye duka moja la steshenari, na kijana wa kompyuta akatuhakikishia kwamba s ya mwisho katika Kiingereza hutanguliwa daima na ritifaa, ile alama tunayoiandika katika ng'ombe. Tukamwamini, tukalipia bunda zima la lebo za gundi, tukazibandika. Mzigo ukarudishwa, kwa maelezo kwamba mgeni akiona "Soap's" atadhani hata kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, imepimwa kwa kubahatisha. Tulizibandua kwa kucha, lakini gundi iling'oka na ngozi ya juu ya sabuni, kila mche ukabaki na kovu jeupe la mstatili, na mche wenye kovu hakuna hoteli inayoupokea. Ikabidi tuwauzie mama ntilie kwa bei ya hasara, wakaoshee vyombo. Yule kijana, tulipomrudia, alitaka tulipie kazi yote upya. Hiyo ni dhuluma: anayeuza maandishi anapaswa kuyajua, na asipoyajua aseme.

Kwa hiyo shika kanuni hii moja: andika wingi kwanza, bila ritifaa yoyote, ndipo ujiulize kama neno hilo linamiliki kile kinachofuata. Sabuni ni nyingi tu, hazimiliki kitu, basi ni "Soaps". Mafuta nayo ni "Oils". "Lady" ina y iliyotanguliwa na konsonanti, hivyo wingi wake ni "ladies", na kwa kuwa akina mama ndio wenye sabuni, ritifaa inakuja, ila inakaa nje ya neno lililokwisha kukamilika: "Ladies'". Ukiandika "Lady's", umezifanya sabuni kuwa za bibi mmoja, na "Ladie's" si neno kabisa. Mkipenda kutumia "women", wingi huo hauna s, kwa hiyo ongezeni ritifaa pamoja na s, iwe "Women's", kama ilivyo "children's". "Womens'" ni kosa, hata ukiiona kwenye bango kubwa kiasi gani.

Jihadhari pia na kihusishi chetu cha -a, kwa sababu sisi husema "sabuni za akina mama" na "sabuni za nazi" kwa muundo uleule, ilhali nazi haimiliki sabuni. Ndiyo maana ni "coconut soap", bila alama. Na kama nyuma ya lebo mtaisifu harufu yake, andikeni "its scent", kwani "it's" ni ufupisho wa "it is".

Lebo yenu basi isomeke "Ladies' Soaps and Oils". Mwambie mchapaji akutolee nakala moja kwenye karatasi ya kawaida, uisome herufi kwa herufi mbele yake, kabla hujampa hata senti ya kianzio.