Diski ya seva imegoma kuandika: maswali na majibu

Fundi, habari za kazi. Tunakodi seva ya Linux kwenye klaudi, inaendesha mauzo ya maduka matatu. Jana mchana ilianza kukataa kuandika chochote, ikisema mfumo wa faili ni wa kusoma tu. Nimeiwasha upya, ikakaa saa mbili, ikarudia. (Mwanza)

Nzuri kaka, na pole sana. Seva imejilinda. Diski nyingi za ext4 (mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux) zimewekewa sharti la `errors=remount-ro`: kernel, yaani kiini cha Linux, ikikuta ramani ya ndani ya diski haipatani, inafunga mlango wa kuandika ili uharibifu usisambae. Usiulazimishe ufunguke, na uache kuzima na kuwasha. Kila ikiwaka, programu zako zinaandika juu ya ramani iliyokwisha vurugika.

Andika `dmesg -T`, ikuoneshe ujumbe wa kernel, utafute mistari ya `EXT4-fs error`. Ukiona na `I/O error` (hitilafu ya kusoma au kuandika) imetangulia, huenda shida iko chini zaidi, kwenye diski yenyewe, hivyo mwandikie mtoa huduma mapema. Kisha chukua snapshoti, yaani picha ya diski nzima kama ilivyo. Hiyo kwanza, matengenezo baadaye.

Je, fsck, programu ya kukagua na kukarabati mfumo wa faili, naweza kuiendesha seva ikiwa kazini? Wateja wangu hawataki izimwe hata dakika moja. (Nakuru)

Hapana, na hapa silegezi. fsck inarekebisha ramani ya diski wakati kernel ina nakala yake kwenye RAM na inaendelea kuiandika. Ni watu wawili wanaofuta na kuandika daftari moja la madeni bila kuonana.

Zima seva, chukua snapshoti, tengeneza diski mpya kutokana nayo, uiunganishe kwenye seva nyingine ndogo kama diski ya pili. Kwenye AWS, klaudi ya Amazon, seva hiyo iwe katika zoni (eneo la vituo vya data) ile ile ya diski, la sivyo haziunganiki. Tazama jina lake kwa `lsblk`, halafu `e2fsck -fn` (fsck ya ext4) na jina hilo. Herufi n inaizuia kugusa kitu. Inakuonesha tu ilichokuta. Ukishasoma na kuelewa, ndipo uweke y mahali pa n.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kuendesha `fsck -y` kwenye diski pekee ya mteja mwenye duka la dawa, bila nakala. Mistari ikateremka kwenye skrini, nikadhani mambo yananyooka. Ilipokoma, folda ya hifadhidata ilikuwa tupu, na `lost+found` imejaa faili zenye majina ya namba. Yule mama aliingiza upya risiti za miezi minne kwa mkono. Nilikaa naye Jumamosi tatu, mimi nasoma, yeye anachapa.

Hizo faili za lost+found zina faida yoyote? (Zanzibar)

Zinayo. Kilichopotea ni jina, yaliyomo mara nyingi yapo. Ingia humo uandike `file *`, utaambiwa ipi picha, ipi PDF. Za hifadhidata usizitegemee.

Mwalimu, diski yetu si ext4, ni XFS, mfumo mwingine wa faili. Programu yake ya ukarabati, xfs_repair, imegoma, inataja -L. Niitumie? (Kampala)

Subiri. Logi ya XFS, yaani daftari lake la mabadiliko, bado imebeba mabadiliko ambayo hayajafika mahali pake, `-L` inayatupa. Ifanyie diski `mount` (kuipachika itumike) kisha `umount` (kuipachua), kernel itayamalizia yenyewe, halafu urudie xfs_repair. Ikiwa diski ya asili nayo imefanyiwa `mount` kwenye seva hiyo hiyo, ya pili itakataliwa kwa kuwa UUID, yaani namba za utambulisho, zinafanana: ongeza `-o nouuid`. `-L` ibaki ya mwisho kabisa, tena juu ya nakala.

Tunachukua snapshoti kila usiku. Bado tunahitaji kutoa data ya hifadhidata yetu ya MySQL kando? (Arusha)

Mnahitaji sana, ndugu yangu. Snapshoti inabeba diski pamoja na ugonjwa wake: uharibifu ukianza Jumatatu usigundulike, ya Jumanne na ya Jumatano zinao pia. Kwa majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya MySQL) tumia `mysqldump --single-transaction`, faili itakayotoka ikae nje ya seva hiyo. Kila mwezi irudishe kwenye mashine ya majaribio, mhesabu mistari ya jedwali la mauzo, mlinganishe na seva halisi.