Maswali na Majibu: Anga Lililoungua, Nyuso za Manjano na Picha ya Awali Iliyofutwa

Anga kwenye picha yangu limekuwa jeupe pe. Nipunguze mwangaza kiasi gani mawingu yarudi?

Hata ukipunguza hadi mwisho, hayarudi. Swali hili huletwa tena na tena, na kila mara bila mwulizaji kufungua histogramu, yaani grafu inayoonyesha mwangaza wa picha kutoka giza (kushoto) hadi weupe (kulia). Ifungue. Ukiona grafu imejibana ukutani upande wa kulia, pikseli (nukta za picha) za hapo zimefika 255, kikomo cha juu, katika nyekundu, kijani na buluu, na hakuna wingu lililohifadhiwa humo. Ukishusha mwangaza, weupe mtupu unageuka kijivu kitupu. Faili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera, huwa na akiba kidogo: ikiwa ya biti 14 ina ngazi 16,384 kwa kila rangi, wakati JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa, ina 256 tu. Tiba iko wakati wa kupiga picha. Katika simu nyingi, gusa anga kwenye kioo, kisha teremsha kile kialama cha jua. Sehemu za giza utazipandisha baadaye. Zitatoa chengachenga kiasi, lakini chengachenga hupunguzika.

Ninapohariri, nianze na lipi?

Nyoosha, kata, sahihisha rangi, kisha mwangaza na kontrasti (tofauti ya giza na mwanga). Ukali uje mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa wa picha, ukiitazama kwa asilimia 100. Ukiona utepe mweupe kwenye kingo za nywele au paa, umezidisha.

Kuongeza ukali kutaponya picha iliyotikisika?

Hapana.

Watu niliowapiga picha ndani usiku wametoka wa manjano.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano zaidi: balbu ya waya huwa karibu 2,700, jua la mchana karibu 5,500. Chukua kidonyoo cha rangi (zana ya kusahihisha weupe), gusa kitu kisicho na rangi: ukosi wa shati jeupe, ukuta wa kijivu. Usiguse balbu yenyewe. Hapo namba zote tatu ni 255, kwa hiyo programu haioni cha kusahihisha. Halafu bakiza manjano kidogo, maana usiku una joto lake.

Filta ipi nzuri ya kulainisha ngozi?

Siipendekezi hata moja. Nyingi hulainisha na kung'arisha kwa pamoja, na mtu mweusi anatoka na rangi isiyo yake. Hilo ni kosa, hata akikusifu. Uso ukiwa gizani, pandisha vivuli kwa brashi usoni tu. Chunusi iondoe, kovu muulize mwenyewe kwanza.

Nimehariri na kuhifadhi juu ya picha ya awali. Nifanyeje?

Kama programu yako ina kitufe cha kurejesha picha ya awali, kibonyeze sasa hivi. Kama haina, na huna nakala kwingine, imekwenda. Nakili kwanza, ndipo uhariri! Tena JPEG hubanwa upya kila inapohifadhiwa baada ya mabadiliko, na uharibifu huonekana kama vimraba vya pikseli 8 kwa 8 kwenye anga laini. Fanyia kazi TIFF, aina ya faili ambayo kwa kawaida haipotezi ubora, utoe JPEG mara moja tu. Na picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kwa kawaida imeshabanwa. Mwombe aliyeipiga akutumie kama dokumenti.