Mfarishi wa leso: safu zimepishana, nifanyeje?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nimekata leso za marehemu bibi vipande 20, kila kimoja inchi 12 na nusu, nishone mfarishi wa kitanda cha futi 5 kwa 6. Vikigusana macho yanavurugika, nikatia kanda za bafta nyeupe katikati. Sasa safu ya pili imepishana na ya kwanza karibu inchi nzima. Nimekosea wapi? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Aliyekuponza ni ule ukanda mrefu wa kulala kati ya safu. Bila shaka uliukata kwa mapana ya kitambaa, na mapana huvutika; ulipofika kipande cha nne ulishatoka mstarini.

Fumua. Panga vipande 4 kwa 5, ukanda mrefu uukate mfupi mfupi, na kila njia panda utie kijimraba cha rangi nyingine. Mishono yote uilaze kwa pasi kuelekea kwenye ukanda. Hapo mshono wa juu na wa chini hulala kinyume, hukamatana kama meno. Ukipitisha kidole husikii kidato. Ndipo utie pini.

Upana wa ukanda uwe inchi 2 ukishashona, kwa hivyo kata 2 na nusu. Inchi moja itamezwa na mji wa leso (mchoro wake wa katikati), nne zitaumeza mji wenyewe.

Utahitaji kanda 31 za urefu wa inchi 12 na nusu: 15 za wima, 16 za kulala, na vijimraba 12. Kitambaa cha mapana ya inchi 42 hutoa kanda 16 zikikatwa kufuata urefu wake, ambako hakuvutiki. Fanya hivyo mara mbili unapata 32, na umekula inchi 25 tu. Mita moja yatosha. Jumla inatoka 54 kwa 68; pindo la nje la inchi 8 litaufikisha 70 kwa 84, uning'inie inchi 5 kila ubavu.

Bafta nyeupe, niwie radhi, mimi siishonei kitanda. Wazee wakiiona juu ya leso za marehemu watawaza sanda. Nenda Biashara Street hapo Mombasa na leso moja mkononi, uitandaze juu ya jora. Picha ya simu hudanganya rangi. Kitambaa kipya kifue kabla ya kukata, maana kitasinyaa, na leso za bibi zilishamaliza kusinyaa zamani.