Barua kwa mwanangu: lori la jeshi au Land Rover?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka dukani kwangu kwa spea za magari, Kirinyaga Road, Nairobi, na salamu kwa baba watoto na wajukuu wangu watatu. Ujumbe wako nimeusoma na picha zote nimezitazama kwa makini. Unauliza, kati ya magari matatu yaliyostaafu jeshini, ni lipi litawafaa kuvuta karavani na kusafiri kama familia: Desemba mwende nyumbani Kakamega, na likizo ndefu mfike Turkana. La kwanza ni Unimog iliyoko Ujerumani, la pili ni lori la Leyland DAF la tani nne lililoko Nanyuki, na la tatu ni Land Rover 110 itakayouzwa kwa mnada hapa Nairobi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu kwa sababu maneno ni mengi, na nataka mume wako naye ayasome kwa nafasi yake.

Mimi nasema mchukue Land Rover. Sasa nikueleze kwa nini.

Unimog tumalizane nayo mapema. Ni gari ninaloliheshimu sana. Ile U1300L ya jeshi la Ujerumani ina injini ya Mercedes ya silinda sita, lita 5.7, na ekseli zake zimeinuliwa kwa gia zilizofungwa kwenye kila gurudumu, ndiyo maana tumbo lake liko juu na linapita penye mawe bila kukwaruza. Lakini uliyoniletea ni ya 1985 na usukani uko kushoto. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kinataka usukani uwe kulia. Akitokea mtu akakuambia ana njia ya kuipitisha bandarini Mombasa, usimpe hata shilingi moja.

Lori la Nanyuki ndilo naona limekuteka moyo, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Usukani uko kulia kwa kuwa lilitengenezewa jeshi la Uingereza, na injini ni Cummins ya lita 5.9 yenye taabo, yaani turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kwa injini hiyo sina ubishi. Iko kwenye jenereta, iko kwenye mitambo ya ujenzi, na mtu akija dukani asubuhi kutafuta gasketi au pampu ya maji yake, mchana anaondoka nayo. Taabo nayo si ya urembo huku kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na dizeli isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia unazopanda. Piga hesabu ujue imebaki na nini ikifika Limuru ikiwa na trela nyuma. Shida ni kwamba sisi wa spea hatutazami injini peke yake. Transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kioo cha mbele, vipande vya kabini na vya ekseli vilitengenezwa kwa ajili ya lori hilo la jeshi, na hapa mjini ama unaagiza ng'ambo ama unampelekea fundi wa leti, mashine ya kuchonga vyuma, akuchongee. Kifaa kimoja kikivunjika Baragoi, familia nzima inangoja huko.

Lakini hata spea zingejaa, ningeuliza swali moja: wajukuu wangu watakaa wapi? Kabini ile haiwatoshi nyote. Nyuma kuna mabenchi ya wanajeshi chini ya turubai, na yule anayekaa pale ni mtu mzima aliyezoea kushikilia chuma. Mtoto wa miaka minne huwezi kumweka kwenye benchi lisilo na mkanda, mgongo ukiwa ubavuni mwa gari, vumbi la Suguta Marmar likiingia kwa nyuma. Akitapika kule Salgaa hutamsikia. Ndiyo, kuna mafundi Industrial Area wanaoweza kujenga bodi yenye viti na dirisha la kupita kwenda kabini, nimeona kazi zao kwenye malori yanayobeba watalii na ni kazi nzuri. Ila hiyo ni gharama karibu ya gari lingine, na lazima ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uikubali.

Halafu jiulizeni, mtu mwenye lori la tani nne anavuta karavani ya nini? Nafasi ya vitanda, jiko na tangi la maji tayari ipo nyuma. Lori na karavani pamoja ni mizigo miwili kwa kazi moja. Kuna na mambo ya kila siku: leseni yako ni ya daraja B, kwa hiyo ungerudi shule ya udereva kuchukua ya lori, mwendo wako ungekuwa kilomita 80 kwa saa, na Gilgil ungeingia mizani pamoja na malori ya mizigo. Mafuta nayo: lori kama hilo ni takriban kilomita tatu na nusu kwa lita. Kwenda Kakamega na kurudi ni zaidi ya kilomita 700, yaani lita 200 hivi. Land Rover yenye trela nyepesi itamaliza safari hiyo kwa chini ya nusu yake.

Sasa tuje kwenye Land Rover. Karatasi ya mnada uliyonitumia inasema injini ni 300Tdi, dizeli ya lita 2.5 yenye taabo. Ina nguvu za farasi 111 tu, kwa hiyo msiwe na haraka kwenye milima. Mtapanda kwa gia ya tatu, pengine ya pili, nyuma ya malori ya unga, na hakuna ubaya. Spea zake zimejaa mtaa huu mzima, mpya na zilizotolewa kwenye magari yaliyovunjwa. Siku mtakayoichukua, kabla ya kuiendesha popote, badilisheni mkanda wa taimingi pamoja na rola yake hata kama mtaambiwa ni mpya. Mkanda ukikatika, pistoni hukutana na valvu na injini huharibika.

Mnadani gari huuzwa lilivyo na pale lilipo, huwezi kurudi kulalamika, kwa hiyo siku ya ukaguzi ndiyo siku yako. Watu wengi hufungua boneti, wakaona injini safi, wakaridhika. Wewe anzia nyuma, ulale chini. Kuna boriti ya chuma inayokata chasisi kutoka upande hadi upande chini ya mlango wa nyuma, na hapo ndipo huku (ndoano) ya kuvutia trela hufungwa. Igonge kwa nyundo ndogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Chuma kizima kinalia kwa sauti ya juu. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito, na wakati mwingine unga mwekundu unadondoka machoni. Gari lililohudumu Pwani huoza hapo kwanza, kwa ndani, huku rangi ya nje ikiwa bado nzuri. Kutu ikiwa pale, ondokeni, kwa maana trela yote inaning'inia kwenye chuma hicho.

Kisha nenda mbele, ugeuze usukani mpaka mwisho na utazame nyuma ya gurudumu. Utaona bakuli la chuma la mviringo linalong'aa. Pitisha kidole juu yake. Likiwa laini na lina utando mwembamba wa grisi, vizuri. Likiwa na vishimo vishimo, oili siili, mpira unaozuia mafuta yasitoke, haiwezi kudumu, mafuta yatavuja na vumbi litaingia kwenye viungo vya ekseli. Hilo si la kukimbia gari, ni la kupunguza bei. Mara nyingi gari la jeshi linakuwa limekaa uani muda mrefu, hivyo tazama pia waya kama zimetafunwa na panya, na ufungue kifuniko cha tangi unuse dizeli kama imeoza.

Matairi yatakudanganya. Gari la jeshi halitembei sana, kwa hiyo meno ya tairi huwa marefu kama ya dukani. Soma ubavuni: kuna tarakimu nne za tarehe, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikisomeka 2309, ni wiki ya 23 ya 2009, na hata likiwa na meno yote huvutii watoto wangu trela kwa tairi hilo. Litazame kwa karibu uone kama lina nyufa karibu na rimu. Hesabuni matairi mapya matano kwenye bei ya gari.

Umeme nao uliza mapema. Land Rover za jeshi zilizofungiwa redio huwa za volti 24, na taa za trela ya kawaida ni za volti 12. Ukiunganisha moja kwa moja, balbu zote zinaungua hapo hapo. Kuna kifaa cha kushusha umeme, lakini ningependelea mpate ile ya volti 12 tangu mwanzo.

Kuhusu karavani, nawaomba muiache. Karavani ya kawaida ni ya lami. Makabati yake ni mbao nyembamba zilizogundishwa, na mitikisiko ya barabara kutoka Maralal kwenda Loiyangalani yataifungua skrubu moja moja. Tengenezeni trela ya sanduku hapa hapa, yenye hema juu na jiko nyuma, na msisitize rimu zake zilingane na za Land Rover ili tairi moja la akiba litumike pande zote. Huku ya kijeshi ni mdomo wa chuma unaoshika pete. Ni imara na trela inaweza kujipinda kwenye mawe, ila ina uwazi, na kila tuta itawapiga teke mgongoni. Kwa trela yenu fungeni huku ya mpira wa chuma wa milimita 50.

Kitabu cha Land Rover kinaruhusu kilo 3,500 kwa trela yenye breki zake na 750 kwa isiyo na breki. Ninyi mkae chini ya kilo 1,200, na breki iwepo. Sehemu moja ya kumi ya uzito ilale kwenye huku. Mkipakia mizigo yote nyuma ya trela, trela itaanza kuyumba na kuvuta gari. Mkishuka Mai Mahiu ingieni gia ndogo kabla ya mteremko, si katikati yake, kwa sababu breki za trela ya aina hii hufanya kazi inaposukuma gari, na mteremko mrefu huzichemsha.

Viti vya nyuma vya ubavu vitoeni, mfunge viti vitatu vinavyotazama mbele, mikanda ishikwe kwenye chasisi. Kwa hili msitafute bei rahisi. Rangi ya jeshi nayo ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza, maana kila kizuizi mtaulizwa.

Kabla hujaweka amana, hakikisha namba ya chasisi kwenye chuma ni ile iliyo kwenye karatasi ya mnada, na uliza nani atatoa barua ya kuuziwa utakayopeleka NTSA ili gari lipate namba za kiraia. Kisha likaguliwe kwenye kituo cha ukaguzi cha NTSA, Likoni Road hapa Nairobi. Theluthi ya pesa mlizotenga isiguswe mnadani. Ndiyo itakayonunua matairi, mkanda, breki na viti, na bei ikipanda kupita hapo, mume wako ashushe mkono.

Siku ya ukaguzi nitafunga duka saa sita nije na fundi wangu wa giaboksi. Njooni na tochi, nyundo na gunia la kulalia. Watoto waacheni kwa jirani, uani kule kuna vyuma vingi.

Mama yako