i7 ya kizazi cha 4 bado inacheza gemu

Umeniuliza kama kompyuta yenye i7 ya kizazi cha 4, yaani prosesa ya Intel, inatosha kuchezea gemu. Inatosha, kaka. Hiyo i7-4770 ya mtumba uliyoiona Makoroboi, hapa Mwanza, ni toleo la 2013, ina viini 4 na thredi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), na gemu kama GTA V inaibeba vizuri ukiiwekea kadi ya grafiki kama GTX 1650. Ila usishuke hadi kizazi cha 2 au cha 3 hata bei ikikuvutia. Prosesa zile hazina AVX2, yaani maagizo ya ziada ya kupiga hesabu haraka, na baadhi ya gemu mpya zikiikosa hazifunguki kabisa. Gemu za mtandaoni ziangalie mapema: Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani moduli ya usalama ya kompyuta, na mashine nyingi za umri huo hazina.

Natengeneza kompyuta hapa Nyakato. Wengi wananiletea wakisema prosesa imezeeka, nikifungua nakuta pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, chini ya feni, imekauka, inabanduka kama magamba ya sato, na vumbi limeziba kila upenyo. Juzi moja ilikuwa inapanda hadi nyuzijoto 97. Kwa pesti mpya tu ikatulia kwenye 70. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji aifungue uone.