Mwanangu, kuhusu gharama za mashindano ya ubingwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata siku nne zilizopita, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lako halistahili jibu la haraka. Umenieleza kwamba umeweka akiba kwa mwaka mzima, kwamba mashindano ya ubingwa wa dunia ya mashua za ILCA, hizo ndogo za tanga za mtu mmoja, yatafanyika msimu ujao, na kwamba ukijumlisha ada, usafiri, malazi na siku za likizo zisizo na malipo, akiba yote inakwisha. Kisha ukaniuliza: "Mama, kuna thamani gani kulipa fedha zote hizo ili nikashike nafasi ya hamsini?" Jibu langu ni kwamba uende, lakini usiende kwa mpango ulioniandikia, na usimalize akiba yako.

Kwanza tuitazame gharama yenyewe, maana naona ada ya kujiandikisha ndiyo iliyokutisha zaidi, ilhali ndiyo ninayoilalamikia kidogo kuliko zote. Nimelifungua daftari langu la zamani, lile nililoandikia kila senti niliyoitumia baharini, na katika mashindano yote niliyowahi kushiriki hakuna hata moja ambalo ada yake ilifika robo ya jumla. Ada hiyo inalipia boti ya kamati ya mbio, boti za uokoaji, maboya, waamuzi wanaosikiliza mapingamizi, na wakaguzi wanaopima matanga na milingoti kabla ya mbio ya kwanza. Mimi nimewahi kukaa katika boti ya kamati kama mshika saa wa kujitolea, na najua kwamba bila watu hao mbio haianzi. Jambo moja tu nakusihi, ujiandikishe mapema, kwa kuwa waandaaji wengi huweka ada ya awali na ada ya kuchelewa, na tofauti kati ya hizo mbili ni fedha inayopotea bila kukununulia chochote. Soma pia sharti la kurejeshewa fedha, kwa sababu mara nyingi baada ya tarehe fulani hairudi hata ukiugua.

Fedha nyingi huishia katika kuifikisha mashua na kukufikisha wewe. Kuna tela au kontena, kuna bima ya kufidia madhara utakayomsababishia mwingine, kuna uanachama wa chama cha aina yako ya mashua, na ukikodi mashua hukohuko kuna dhamana ambayo hukatwa ukiharibu kitu. Kuna chumba cha kulala. Na kuna siku za kazi unazozikosa, ambazo watu huzisahau kuziandika kwa sababu hakuna anayewaletea stakabadhi yake. Wewe umeziandika, na nimefurahi kuliona hilo.

Sasa nakuomba ufanye hesabu nyingine, ambayo mimi niliijua nikiwa nimechelewa. Usigawanye gharama kwa siku, wala usiipime kwa nafasi utakayoshika. Igawanye kwa idadi ya mianzo. Tuseme ratiba ina mbio 10, na upepo usipokataa utaanza mbio mara 10. Huko klabuni kwenu unaanza mbio mara nyingi kuliko hizo kwa msimu mmoja, tena kwa gharama ndogo sana, kwa hiyo ni haki yako kuuliza mianzo ile 10 ina nini ambacho hii ya nyumbani haina.

Ina urefu wa mstari. Klabuni mnaanza mashua 10 hivi, katika mstari wa mita 50. Mbio huanza kwa kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo mstari huo usipokingama sawasawa na upepo, ukaelemea upande mmoja kwa digrii 10, aliyeanzia ncha iliyo karibu na upepo anakuwa mbele ya mwenzake wa ncha ya pili kwa mita 9 tu, yaani urefu wa mashua mbili, na mwenye kasi nzuri hulifuta pengo hilo kabla ya boya la kwanza. Lakini mashua 60 zinahitaji mstari wa mita 300 hivi. Mwelemeo uleule wa digrii 10 katika mstari huo ni zaidi ya mita 50, na kwa kuwa mashua yako ina urefu wa mita 4.2, pengo hilo ni mashua 12 zilizopangwa omo kwa tezi. Basi kila mmoja anaitaka ncha ile, wote kwa wakati mmoja, na wewe unapaswa kuamua ndani ya dakika 5 za ishara kama utaingia katika msongamano huo au utajitafutia nafasi yenye upepo safi mita 80 kutoka hapo. Uamuzi huo huwezi kuufanyia mazoezi mahali penye mashua 10. Nilishindana klabuni kwa miaka sita nikidhani najua kuanza mbio, na katika ubingwa wangu wa kwanza niligundua kwamba nilichojua ni kuanza tu pale ambapo hakuna anayekunyima nafasi.

Na mwanzo unaweza kuupoteza kabisa, jambo ambalo linahusu fedha zako moja kwa moja. Katika umati wa namna hiyo watu huvuka mstari kabla ya wakati, mbio huitwa nyuma ianzwe upya, na mwishowe kamati hupandisha bendera nyeusi. Chini ya bendera hiyo, ukionekana umevuka ndani ya dakika ya mwisho umeondolewa bila hata kusikilizwa, na mbio ikianzishwa upya huruhusiwi kushiriki. Unapewa pointi za idadi ya waliojiandikisha ukiongeza moja, kwa hiyo penye mashua 60 unabeba 61, wakati mshindi wa mbio anabeba 1. Mbio moja mbaya kwa kawaida hufutwa katika hesabu ya mwisho, lakini ya pili unabaki nayo. Nakushauri siku mbili za kwanza ukubali kuwa nyuma ya mstari kwa nusu urefu wa mashua. Utapoteza mita mbili, na utakuwa umeilinda fedha uliyolipia mbio hiyo.

Nije sasa kwenye hiyo nafasi ya hamsini inayokuumiza. Mwanangu, huko klabuni wewe huwa wa kwanza au wa pili, maana yake unakwenda bisho, yaani kuukabili upepo, katika upepo ambao haujaguswa na tanga la mtu. Katikati ya kundi kubwa hakuna upepo wa namna hiyo. Matanga 30 yaliyo mbele yako yameshauvuruga na kuupunguza, maji yamechafuka, na kila unapotaka kupindua, yaani kuigeuza mashua upepo uje ubavu wa pili, yupo mtu mwenye haki ya njia anayekulazimisha umpishe. Hapo ndipo utajifunza kuilegeza demani, ile kamba ya kulivutia tanga, kidogo ili mashua ipate mwendo kabla ya kuibana tena, na kukubali kupita nyuma ya mashua mbili ili ufike upande ambako upepo unageukia. Vilevile utajifunza kutoharakisha kupindua kwa hasira, ambayo ndiyo tabia yako tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja. Wanaoshika nafasi za kwanza hawalazimiki kujifunza hayo siku hiyo, ila waliyajifunza siku nyingine, wakiwa katikati kama utakavyokuwa wewe.

Tena utakuwa miongoni mwa watu wa uwezo wako. Washiriki wakiwa wengi, siku za kwanza huwa za mchujo, kisha kundi hugawanywa, wenye matokeo bora wakaenda kundi la dhahabu na waliobaki kundi la fedha. Nilipoangukia kundi la fedha nililia usiku ule, lakini siku mbili zilizofuata ndizo nilizoshindana vizuri kuliko zote, kwa sababu kila aliyekuwa kando yangu angeweza kunishinda nami ningeweza kumshinda. Watu wawili kati yao wananiandikia mpaka leo.

Kuna jambo moja sijawahi kukueleza kwa ukamilifu. Mashindano yangu ya tatu niliyalipia kwa mkopo. Nilikodi mashua bila kuikagua, na siku ya pili bawaba ya usukani, ambayo ilikuwa imeshalegea nilipokabidhiwa, iling'oka nikiwa naelekea boya la pili. Nilikosa mbio mbili, na dhamana yangu ikakatwa, kwa kuwa sikuwa nimeandika kasoro yoyote kabla ya kutia saini. Lakini kilichoniharibia zaidi ulikuwa mkopo wenyewe. Kila mbio niliiona kama deni, nikawa nashindana kwa woga, na kwa miaka miwili iliyofuata niliendelea kulipa kwa ajili ya juma moja nisilopenda hata kulikumbuka. Ndiyo maana nakuambia usikope hata kidogo, na theluthi moja ya akiba yako ibaki mahali ilipo. Ukikodi mashua, ikague na mtu mwingine akiwepo, piga picha bawaba, kapi, mguu wa mlingoti na kingo za ubao wa kati, na uyaandike yote kabla ya kusaini.

Hiyo theluthi itapatikana wapi? Katika orodha yako umeandika tanga jipya, mavazi mapya na kocha wa juma zima. Tanga jipya liache kama la sasa halijalegea kitambaa; hilo linaweza kukupa nafasi chache, lakini misuli ya mapaja itakupa nyingi zaidi. Paul Elvstrøm wa Denmark, aliyeshinda medali nne za dhahabu za Olimpiki mfululizo kuanzia mwaka 1948 hadi 1960, alijitengenezea benchi la kufanyia mazoezi ya kuning'inia ubavuni mwa mashua, akawa na nguvu ya kuizuia mashua yake isilale wakati wenzake wamechoka. Benchi ni mbao chache na mkanda wa kushikilia miguu. Mtu huyohuyo, akiwa na umri wa miaka 20, aliiacha mbio yake ya kwanza ya Olimpiki ya mwaka 1948 bila kuimaliza, na bado akatwaa dhahabu, jambo ninalotaka ulikumbuke siku yako mbaya itakapofika. Kanuni za mbio, ambazo hurekebishwa kila baada ya miaka 4, zinapatikana bure kutoka World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa mashua za tanga, na nina hakika hujazisoma zote. Kocha umchangie pamoja na wenzako watatu, mgawane na mafuta ya boti yake. Mavazi uliyonayo yanatosha. Fedha niliyo tayari kukuona ukiitumia bila kusita ni ya kufika siku tatu kabla, uyajue mawimbi ya mahali hapo, mkondo wa maji, na saa ambayo upepo huanza kugeuka. Wanaofika usiku wa kuamkia mbio ya kwanza hujifunza hayo katika mbio mbili za mwanzo, tena kwa kupoteza pointi.

Umesema pia kwamba mwenzako wa nyumbani ameuliza familia inapata nini. Usimjibu kwa kumwambia kwamba utashinda, kwa sababu hutashinda, naye anajua. Mwoneshe hesabu nzima, pamoja na siku za likizo, kisha mkubaliane kwamba mwaka unaofuata hutakwenda kokote isipokuwa mbio za klabuni. Mimi nilimficha baba yako ule mkopo, na alipolijua deni hakulalamikia kiasi chake, alilalamikia kufichwa.

Usafirishaji wa mashua nitaulipia mimi, kwenda na kurudi, na si mkopo. Nitumie orodha mpya ya gharama kabla ya ada ya awali kufungwa, na katika orodha hiyo nisilione tanga jipya mpaka umenipigia picha ya la sasa likiwa limejaa upepo, picha ichukuliwe kutoka nyuma, ili niuone mkunjo wake mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mama