Barua kwa mwanangu: mikanda kwanza

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Unataka kuishonea familia mabegi ya safari ya mtumbwi, na unaniuliza ni kitambaa gani hakipitishi maji hata tone. Hata kikiwepo, ukishakishona kitavuja. Kila tundu la sindano ni njia ya maji. Chukua turubai la pamba au nailoni nene, utakachopata, kisha ndani weka mfuko mkubwa wa plastiki nzito. Nguo ziingie humo, mdomo uusokote na kuukunja. Hilo limekwisha.

Mimi naogopa mikanda. Begi la mtumbwi halikai sana mgongoni. Kazi yake ni kunyanyuliwa na kushushwa, likiwa limelowa, mtu ameinama na ameshika mkanda mmoja tu. Uzito wote unaning'inia pale mkanda ulipoungana na begi. La kwanza nililomshonea baba yako nilipitisha mshono mmoja, nikajisifu. Tulipofika ukingoni akalivuta, nikasikia trrr! Akabaki na mkanda mkononi, sufuria zinazama moja moja. Na uzi haukukatika, nakuapia. Kilichanika kitambaa, kandokando ya mshono, kama karatasi iliyotobolewa kwa pini. Nilikuwa nimebananisha matundu ya sindano nikidhani ndiyo uimara.

Basi weka kiraka kipana kwa ndani, mkanda kwa nje, shona mraba, halafu katikati ya mraba pitisha X. Kila hatua ya sindano iwe na urefu wa milimita 3 au 4. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba huoza; sindano namba 100 au 110. Cherehani ikigoma kwenye matabaka, toa mguu kwenye pedali uzungushe gurudumu kwa mkono. Ncha za mkanda wa nailoni ziunguze kidogo kwa mshumaa zisifumuke.

Umbo liwe pana na fupi, uzito ukae chini mtumbwini. Mifuko ya nje achana nayo, hunasa matawi mkivuka nchi kavu kutoka ziwa hadi ziwa. La mjukuu wangu lishone dogo kweli, si la kukulia. Ukimpa kubwa atalijaza mawe.

Ukimaliza la kwanza, lijaze mchanga, linyanyue kwa mkanda mmoja, ulitikise bila huruma. Ndipo ukate kitambaa cha la pili.

Sufuria moja tuliiopoa. Ni ile iliyobonyea, uliyokuwa ukiuliza nani aliipiga.

Mama yako